Daftari la Mabadiliko ni Amana
Tarehe 29 Machi, 2024, Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, ilikuwa imetiwa mlango wa siri wa wavamizi katika matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1. Kilichomzindua ni kuchelewa kwa nusu sekunde alipoingia katika kompyuta. Sehemu ya hila hiyo ilikuwamo katika furushi walilogawiwa watumiaji; katika daftari la mabadiliko haikuwamo.

Twasema wazi: daftari hilo ni amana, si pambo. Mtengenezaji hana budi kuandika kila alilobadili na sababu yake. Mtumiaji naye asiridhike na maandishi matupu, bali ayalinganishe na kazi yenyewe. Mali ya wote hulindwa na wote.