Shokapu Mpya Bila Kipimo

Bwana Mhariri,

Katika toleo la muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika kwamba ufundi wa kweli ni wa mkono, na kwamba fizikia ni ya kujibia mitihani tu. Niliposoma maneno yale nilitaka kumjibu palepale, lakini sikuwa na ushahidi. Sasa ninao. Nimeupata likizoni katika gereji ya mjomba wangu, huko Nungwi, na umetugharimu fedha na mkono wa mtu.

Mjomba hukodisha kwa wageni zile pikipiki za magurudumu manne ambazo wengi huziita kwadi. Za kukodisha ni za mwendo wa pole, wala sina neno nazo. Lakini yeye mwenyewe anayo moja ya namna nyingine, Yamaha YFZ450R, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 449, na uzito wake ikiwa na petroli wapita kilo 180. Gurudumu la mbele laweza kupanda na kushuka kiasi cha milimita 250, na la nyuma kiasi cha 280. Mjomba aliinunua ikiwa imekwisha tumika, na shokapu zake zote tatu, mbili za mbele na moja ya nyuma, zilikuwa zimechoka na kuvuja mafuta.

Basi akaagiza mpya kutoka ng'ambo, si za kiwanda kilichounda chombo, bali zile bora zaidi ambazo watu wa mashindano huzinunua mbali. Fedha aliyolipa ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba. Mama mkubwa wa nyumba ile, yaani mke wa mjomba, hakusema neno siku ile, lakini alikuwa akiyatazama makuti ya jikoni kwa namna ambayo sote tuliielewa.

Fundi alizifunga kwa siku moja, na kufunga alifunga vizuri. Aliinua chombo kwa jeki chini ya fremu, akautegemeza mkono unaobeba gurudumu usije ukaanguka na kuuvuta mpira wa breki, akatoa bolti ya chini kwanza kisha ya juu, akatia grisi. Bolti moja aliigeuza vidoleni mara mbili tu akasema imepinda. Mimi nilipoitazama sikuona kitu, mpaka tulipoibiringisha juu ya kioo. Namsifu kwa hilo. Lakini alipomaliza alishika spana ya ringi akazikaza springi zote mpaka mwisho, akasema, “Sasa zitakuwa ngumu, hazitagonga chini.” Mjomba akafurahi.

Siku ya tatu mtoto wa mjomba, kijana wa miaka 19 mwenye kilo 58, aliitoa kwenye njia ya mawe nyuma ya kijiji. Wanaoijua Unguja ya kaskazini wanajua mawe yale, makali kama misumeno. Alipita jiwe la kwanza, na la pili. Kwenye la tatu nyuma ya chombo ikaruka kama punda aliyechomwa, ikamtupa mbele juu ya usukani. Kofia ngumu ilimwokoa kichwa. Mkono wa kushoto ulivunjika.

Jioni ile kila mtu alikuwa na maneno yake. Mjomba alisema ameuziwa shokapu za uongo. Fundi alisema kijana hajui kuendesha. Mke wa mjomba alisema kiuzwe chombo, kinunuliwe mabati. Mimi nikaomba siku mbili, rula, na daftari. Mjomba alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Haya, mwanangu, lakini usivunje kitu.” Nadhani alinikubalia kwa sababu hakutaka kumjibu mkewe.

Hapa yanipasa nieleze kidogo, kwa wale wasioshughulika na vyombo. Shokapu ina kazi mbili, nazo ni za vitu viwili tofauti. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyomo ndani ya silinda huizuia springi isirushe, maana fimbo inapoingia na kutoka, mafuta hulazimishwa kupita katika vitundu vyembamba, na ile nguvu ya mshituko hugeuka kuwa joto. Kile kichupa kilichounganishwa pembeni kina gesi ya naitrojeni yenye mkandamizo mkubwa ili mafuta yasitoke povu, na asiye na vifaa vyake asikifungue kamwe. Shokapu za namna hii huwa na skrubu ndogo za kurekebisha: moja ya kushuka na moja ya kurudi. Ukiigeuza husikia tik, tik, na kila tik ni hatua moja.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe. Robert Hooke, Mwingereza, aliandika mwaka 1678 kwamba springi hunyooka au hufupika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta au kuibana. Sote tumeikariri kanuni hiyo. Maana yake gerejini ni kwamba kuikaza springi kwa ringi hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Tuseme springi yataka nyutoni 40 kufupishwa milimita moja. Ukiikaza milimita 10, haitaanza kusogea mpaka ipate nyutoni 400. Lakini ikishaanza, kila milimita itataka nyutoni 40 zilezile. Ulichofanya ni kukiinua chombo na kukisimamisha kwenye ncha za miguu yake. Ukitaka springi ngumu au laini, badili springi.

Nilipoanza kupima nilianza nyuma. Tulikiinua chombo magurudumu yakaning'inia, nikapima toka ekseli hadi alama niliyoitia kwenye fremu juu yake. Tukakishusha, tukakitikisa ili kikae sawasawa, nikapima tena. Lo! Namba ilikuwa ileile. Kilo zote zile zilikaa juu ya springi isishuke hata milimita moja. Kijana mmoja wa gereji, mwenye uzito kama wa yule aliyeumia, alipokaa kitini ilishuka 30 tu, ilhali mazoea ya wanaoendesha mashindano ni kwamba chombo na mwendeshaji wake vishuke karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani kama 90. Gurudumu lisiloshuka kwanza haliwezi kufuata shimo. Huning'inia hewani, kisha hugonga.

Na ile skrubu ya kurudi ilikuwa wazi kabisa. Hakuna aliyeigusa tangu itoke sandukuni, na labda hivyo ndivyo ilivyosafiri. Kwa hiyo springi iliyokazwa mpaka mwisho ilikuwa ikirudi bila kizuizi. Karatasi ya maelezo tuliikuta ndani ya sanduku, imekunjwa vilevile, ikisema tuifunge skrubu kabisa kisha tuifungue hatua 12. Mbele nako, springi ya kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia kwa milimita 4, na chombo kilisimama kimeinama kulia kama mzee mwenye kiuno kibovu.

Tulilegeza ringi ya nyuma mizunguko tisa, springi ikarefuka milimita 13. Mjomba, mwenye kilo 92, akakaa: 88. Yule kijana mwepesi akakaa: 63. Za mbele tukazisawazisha. Skrubu tukaziweka kama karatasi isemavyo, na kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele nikasukuma ringi nyembamba ya mpira ituonyeshe imeingia kiasi gani. Mjomba akapita njia ileile ya mawe mara sita. Kila aliporudi tulibadili jambo moja tu, nikaliandika. Hili lilimchosha fundi kuliko kazi yote. Alitaka tugeuze tatu kwa mpigo; nikamwuliza, tukigeuza tatu na chombo kikawa kizuri, tutajua ni ipi iliyokiponya? Hakunijibu, lakini aliiacha spana.

Mara ya nne tulifunga kurudi mpaka hatua 8, nacho kikaharibika kwa njia nyingine: kikawa kizito, kwa sababu springi ilikuwa hairudi upesi kabla ya jiwe linalofuata, na kila jiwe liliizamisha zaidi. Tukarudi hatua 10. Mara ya sita mjomba alirudi akakaa juu ya chombo bila kuzima injini, akasema, “Hii siyo ile.” Ilikuwa ileile.

Sasa maoni yangu, Bwana Mhariri. Shokapu zile hazikuwa za uongo, wala kijana hakuwa mzembe. Nasema mtu anayefunga kitu cha thamani kama hicho bila kupima amefanya nusu ya kazi na kuchukua ujira mzima, na mwenye mali anayemruhusu ni mshirika wake. Mjomba wangu ni mmoja wao, naye nimemwambia, kwa adabu. Na sisi wenye kusoma hatuna haki ya kucheka. Katika maabara yetu springi hutundikwa mara moja kwa mwaka na vijiwe vyake vya uzito, grafu huchorwa, kisha hurudishwa kabatini, na hakuna anayetuambia kwamba mstari ule ulionyooka ndio utakaoamua kama mtu atarudi nyumbani na mikono miwili. Ningependa siku moja mwalimu aingize pikipiki darasani, hata bovu, tupime.

Najua nitaambiwa kwamba kwadi za mashindano ni mchezo wa wenye nafasi. Huenda. Lakini bodaboda ibebayo abiria wawili na gunia la viazi ina springi pia, nazo hukazwa mpaka mwisho kwa maneno yaleyale ya “zitakuwa ngumu.” Wanaopanda nyuma ni mama zetu.

Wala sisemi kwamba tumeshinda. Ile 63 ya kijana mwepesi bado yanisumbua. Springi ilichaguliwa kwa uzito wa mjomba, na ukiilegeza zaidi kwa ajili ya mtu wa kilo 58 itakuwa mbaya kwa mwenyewe. Dawa ni springi nyingine iliyo laini, nayo ni fedha, na fedha ikipatikana sasa itakwenda kwenye mabati. Mke wa mjomba amekwisha sema. Kwa hiyo mtoto wa mjomba haruhusiwi kuipanda, hata plasta itakapotoka, na yeye hanisemeshi, akidhani mimi ndiye niliyemkataza. Ni rula iliyomkataza, lakini yeye haamini.

Daftari nimeliacha gerejini. Mwenzangu wa muhula uliopita akiona nimekosea na aniandikie katika toleo lijalo, ila aje na vipimo vyake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu