Tunakata waridi, tunapamba na plastiki

Wasee, sherehe zetu hapa Timau zinanishangaza. Huu mji unazungukwa na mashamba ya maua. Mama zetu na dada zetu wanaamka giza kukata na kupanga waridi, yapelekwe uwanja wa ndege Nairobi, kisha Uholanzi. Halafu mmoja wao akifanya bebi shawa, ukutani kuna nini? Waridi la plastiki na baluni.

Sisemi plastiki ni dhambi. Lakini sahi mapambo yamekuwa mashindano. Najua dada mmoja aliitishwa 15,000 ya kupamba sitingirumu, akafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, watu wakanyamaza kimya. Akafuta bathdei ya mtoto. Keki ilikuwa ndani ya uwezo wake, ni ukuta uliomshinda! Ukimwambia atengeneze mwenyewe, anaogopa wataambiana ni za kimaskini.

Kwani nani alisema? Enda kwa fundi wa nguo kabla hajajazia mito yale mabaki ya kitenge. Kata pembetatu zenye upana wa sentimita 20, acha nafasi ya 5 kati ya moja na nyingine, shona kwenye kamba ya katani. Vibendera 12 ni mita 3, karibu ukuta mzima wa chumba cha kupanga. Na mnajua upepo wa huku. Baluni za nje zinapasuka kabla wageni hawajafika, vipande vyake vinaokotwa na kondoo wa jirani. Kitenge kinapepea tu, kisha unakikunja, unakiweka hadi sherehe ijayo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini baluni tukaona ni sawa tu.

Mahafali ndiyo yananimaliza kabisa. Nje ya geti la chuo unauziwa lile pambo la nailoni linalometameta, unamvalisha mtu, jioni liko kwa takataka. Kiswahili kina neno lake, koja, na watu wa Pwani hawajasahau kutunga maua: Lamu na Mombasa bado wanafunga vikuba vya asumini na rehani. Sisi tuna waridi na hatutungi kitu.

Waridi mengi hukataliwa sokoni kwa sababu shina ni fupi au limepinda. Koja halihitaji shina! Pitisha sindano kwenye ile sehemu ngumu chini ya petali, tumia uzi mnene, vichwa kama 20 vinatosha shingo moja. Tunga asubuhi ya siku yenyewe, na baridi yetu hii italinda maua hadi jioni. Ila omba shambani kwa utaratibu au ununue. Usimtume mtu akutolee kisirisiri, anaweza kupoteza kazi juu ya sherehe yako.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hakuna wa kunivalisha hivi karibuni. Nawatungia wenzangu, na siwalipishi.

Kuna mwenye atasema nawanyima watu wa mapambo kazi. Si lazima ushone wewe. Kama una hiyo 15,000, mpe fundi wa mtaa wako akushonee mita 30 kwa pesa kidogo, hiyo ingine inunue nyama. Wageni huku hula, manze.