Miaka 3, kisha 5, sasa 10: Azam imewekeza, klabu zinawekeza nini?

Ukiwa Magole, wilayani Kilosa, barabara inayokwenda Turiani inakupeleka Manungu, nyumbani kwa Mtibwa Sugar. Wana tamtam hao walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Wakati huo, shabiki wa Magole ambaye hakuweza kufika uwanjani alibaki na redio tu.

Leo anaiona mechi kwenye king'amuzi nyumbani, au analipia kiingilio kibanda umiza. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna mkwanja mrefu wa kampuni moja, na mkataba wake mkubwa unaisha 2031. Hapo ndipo penye swali.

Hesabu ilivyokua

Azam TV ilianza kurusha matangazo Desemba 2013. Mwaka huohuo, Azam Media ilikuwa imenunua haki za Ligi Kuu kwa miaka mitatu, kwa takriban Sh5.5 bilioni. Si wote walifurahi. Yanga ilipinga, ikiona jina lake lina thamani kuliko mgawo iliopangiwa.

Mwaka 2016 ukaja mkataba wa miaka mitano, Sh23 bilioni. Kisha Mei 2021, TFF na Azam Media wakasaini miaka 10 kwa Sh225.6 bilioni.

Ukigawa kwa mwaka, ni kutoka chini ya Sh2 bilioni, hadi Sh4.6 bilioni, hadi zaidi ya Sh22 bilioni. Ndani ya miaka minane tu.

Kwa nini miaka 10?

Kurusha mpira si kamera moja na mtangazaji. Kuna magari ya matangazo, mitambo, satelaiti, na mafundi wa kusafiri kutoka Kagera hadi Mbeya. Gharama hizo hazirudi kwa msimu mmoja. Zinarudi kidogo kidogo, kupitia watu wanaolipia kifurushi kila mwezi. Mkataba mrefu unampa mwekezaji muda wa kurudisha pesa yake bila hofu ya mpinzani kuja kumpiku kesho.

Klabu nazo zinapata uhakika. Msimu wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu baada ya Vodacom kuondoka. Timu nyingi zilihangaika hata na nauli. Fungu la televisheni ndilo lililokuwa tegemeo.

Upande wa pili wa shilingi

Kwanza, kiwango kimeshafungwa. Tangu 2021 Yanga imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika (2023), na Simba ikafuata 2025. Thamani ya ligi imepanda, lakini bei iliandikwa kabla ya hayo yote.

Pili, mnunuzi ni mmoja. Kenya wanalijua hili vizuri. SuperSport iliibeba Ligi Kuu yao kwa miaka mingi, lakini 2017 ikavunja mkataba baada ya mvutano wa kuongeza timu kufikia 18. Klabu zilizozoea fungu la kila msimu zikajikuta mikono mitupu.

Tatu, Azam Media na Azam FC zote ni za familia ya Bakhresa. Anayelipia ligi ana ndugu yake anayecheza ndani ya ligi hiyohiyo. Hilo si kosa, ila linadai Bodi ya Ligi iwe wazi kuhusu ratiba na mgawo, ili maneno ya vijiweni yasipate pa kushika.

Funzo la Manungu

Hela ya televisheni haimwokoi mtu na kushuka daraja. Mtibwa, mabingwa wa zamani na washindi wa Kombe la Shirikisho la TFF 2018, walishuka msimu wa 2023/24, huku mkataba mnono ukiendelea. Wakarudi baada ya msimu mmoja.

Tofauti kati ya pande mbili iko hapa. Azam iliweka pesa kwenye vitu vinavyobaki: mitambo, vingamuzi, wateja. Klabu nyingi zinaiweka kwenye mishahara, usajili wa dirisha dogo na nauli. Msimu ukiisha, mzigo nao umeisha. Azam FC, yenye Chamazi, ni kati ya klabu chache zenye uwanja wake.

Mkataba ukifika ukingoni, Azam itakuja mezani ikiwa na miaka 18 ya uzoefu na mtandao wa wateja nchi nzima. Klabu isiyo na uwanja, akademi wala orodha ya wanachama wanaolipa ada itakuja na nini? Itapokea itakachopewa.

Misimu iliyobaki inatosha kujenga kitu. Shabiki wa Magole anayelipia kifurushi chake kila mwezi ndiye chanzo cha hela hii yote. Anastahili kuona imeacha alama hata nje ya skrini.