Fidia ya Madhulumu

Toleo hili, enyi wasomaji wetu wa Entarara, wa Kitengela na wa Kajiado nzima, tumeliwakfia kadhia ya mtu asiye na hatia anayekamatwa, akashtakiwa, pengine akafungwa, kisha akaachiliwa arudi kwao bila kazi, bila akiba na bila heshima aliyokuwa nayo, naye akaambiwa ashukuru Mungu kwamba ametoka. Sisi twasema kwamba kuachiliwa si fidia, na kwamba dola iliyomdhulumu ndiyo yenye wajibu wa kumtafuta yeye.

Jirani zetu wa Mavoko wana ushahidi mzito wa mahali dhuluma hii inakoweza kufika. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda, Josephat Mwenda, alipigwa risasi na askari polisi Fredrick Leliman, na badala ya mpiga risasi kuulizwa, aliyejeruhiwa ndiye aliyefunguliwa mashtaka. Naye hakunyamaza, bali alipeleka malalamiko yake mbele ya mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Tarehe 23 Juni 2016, walipotoka katika mahakama ya Mavoko kwa ajili ya kesi hiyo, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa nyara, wakauawa, na maiti zao zikaopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Ilipita miaka sita kabla ya Jaji Jessie Lessit kuwatia hatiani wauaji, na Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, na wenziwe watatu vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Wengi huikumbuka kadhia hii kwa mauaji yake. Twawaomba waikumbuke pia kwa chanzo chake, nacho ni mashtaka aliyofunguliwa mtu ili asiweze kudai haki yake.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 49, yaamuru aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Lakini muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haikai, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, na hapo ndipo ilipopata nguvu ile kamatakamata ya Ijumaa, ambayo humlaza kijana rumande hadi Jumatatu kwa kosa ambalo aghalabu hata halitajwi. Hili ni jambo la aibu, na twalisema waziwazi.

Ama huyo aliyeshinda kesi, ushindi wake peke yake haumpi hata senti. Akitaka fidia ya kushtakiwa kwa nia mbaya, yampasa athibitishe kwamba mshtakiwa wake wa leo ndiye aliyeanzisha kesi ile, kwamba iliisha kwa faida yake yeye mdai, kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kumshtaki, na kwamba palikuwa na nia mbaya. Na kuithibitisha nia iliyomo moyoni mwa askari ni kazi ngumu hata kwa wakili hodari. Dai hilo dhidi ya Serikali lazima lifunguliwe ndani ya miezi 12. Ombi la kikatiba halina kikomo hicho, ila mahakama huuliza sababu za kuchelewa. Na hata akishinda, mali ya Serikali haikamatwi kwa deni, basi hubaki na hati ya mahakama mkononi, akizunguka ofisi za Nairobi kuomba alipwe.

Kenya iliukubali mwaka 1972 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao waagiza kwamba aliyeadhibiwa kwa hukumu iliyokuja kudhihirika kuwa ya makosa alipwe fidia kwa mujibu wa sheria. Twalitaka Bunge liweke utaratibu wa kumlipa mtu huyo bila ya kumlazimisha aanze kesi ya pili, na liweke fungu la fedha kwa ajili hiyo.

Mpaka hapo, ewe msomaji uliyeguswa, hifadhi nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), risiti ya dhamana na nakala ya uamuzi uliokuachilia, ukamwone wakili au ofisi ya msaada wa kisheria mapema, kabla miezi 12 haijakupita.