Reli ya Hijazi: Wakfu unaoliwa na kutu

Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mahujaji wetu wanaojaaliwa kufika Madina huswali katika Msikiti wa Mtume, wakazuru Baqii, Quba na Uhud, kisha wakarejea nyumbani. Ni wachache mno wanaojua kwamba katika mtaa wa Anbariya, si mbali na Msikiti huo, ipo stesheni kongwe ya mawe. Hiyo ndiyo stesheni ya mwisho ya Reli ya Hijazi. Tumeona vyema tuizungumze wiki hii, kwa kuwa reli hiyo haikuwa mali ya kampuni wala ya mkoloni. Ilikuwa wakfu wa Waislamu, na leo sehemu yake kubwa ni tuta la mchanga na vyuma vilivyoshikwa na kutu.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1900 kwa amri ya Sultani Abdulhamid wa Pili wa dola ya Uthmaniya. Kabla ya hapo msafara wa ngamia kutoka Damascus hadi Madina ulichukua siku zipatazo 40, na wengi walifia njiani kwa kiu, maradhi au mikononi mwa waporaji. Dola ilikuwa imeelemewa na madeni ya Ulaya, hivyo Sultani akaelekeza mwito kwa umma. Watumishi wa dola walikatwa sehemu ya mishahara yao, na michango ikaja kutoka Misri, India na kwingineko. Wengi waliotoa hawakuiona reli hiyo kwa macho yao, wala hawakujaaliwa kufika Madina. Walitoa ili mwingine afike.

Mwaka 1908 garimoshi likaingia Madina baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 1,300. Safari ya siku 40 ikawa safari ya siku chache. Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Heinrich August Meissner, lakini mzigo mkubwa wa kazi ulibebwa na askari wa Kithmaniya, na wengi wao waliangamia kwa maradhi na kiu.

Tuzingatie ugumu wa kazi yenyewe. Injini ya mvuke huishi kwa maji. Moto huyachemsha, na mvuke wake ndio unaosukuma magurudumu. Jangwani maji hayapo. Ikabidi vichimbwe visima na yajengwe matangi, na kila baada ya kilomita 20 hivi ikasimamishwa stesheni yenye kuta nene mithili ya ngome. Mbao nazo zilikuwa adimu, hivyo mataruma mengi yakawa ya chuma. Katika karakana za Qadam, pembezoni mwa Damascus, mafundi walizihudumia injini hizo kizazi baada ya kizazi. Viwanda vya Ulaya vilipoacha kutengeneza vipuri vyake, mafundi hao walivifua wenyewe, na mwanafunzi akajifunza kwa kumtazama mwalimu wake.

Hatutaficha upande wa pili. Reli hiyo ilibeba mahujaji, na ilibeba majeshi pia. Makabila yaliyoishi kwa kukodisha ngamia yaliona riziki yao inakatwa. Sharif Hussein alipoasi mwaka 1916, wapiganaji wa Kiarabu pamoja na maofisa wa Kiingereza waliibomoa kwa baruti, daraja baada ya daraja. Kile kilichochangiwa na Waislamu kikavunjwa na Waislamu. Baada ya vita ardhi ikagawanywa kuwa nchi mbalimbali, na upande wa kusini ukanyamaza. Juhudi za kuifufua katika miaka ya 1960 zilikatizwa na vita vya mwaka 1967. Watu wakang'oa mataruma wakajengea nyumba na nyua. Karakana za Qadam nazo hazikusalimika na vita vya Syria vilivyoanza mwaka 2011.

Wapo watakaouliza: vyuma chakavu vina faida gani, ilhali tangu mwaka 2018 treni ya umeme ya Haramain inakimbia kilomita 300 kwa saa baina ya Makka na Madina? Hakuna anayetaka kurejea kwenye moshi na masizi. Wengine watahofia kwamba kuyahifadhi mabaki ni kuyatukuza. Hofu hiyo tunaiheshimu, lakini kuzingatia si kutukuza. Qur'ani yenyewe inatuhimiza tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia.

Hoja yetu ni haki ya mtoaji. Mafakihi wameuzungumza kwa kirefu wakfu uliochakaa. Wapo waliokataza usiuzwe kabisa, na wapo waliojuzisha ubadilishwe kwa kitu chenye manufaa yale yale. Hatumjui aliyesema uachwe mpaka usahauliwe. Aliyetoa dirhamu yake kwa ajili ya reli hii ana haki, kwa uchache, ya kukumbukwa na kuombewa dua.

Jambo hili haliko mbali nasi. Katika mwambao wetu zimo nyumba, visima na mashamba ya wakfu ambayo wajukuu hawajui tena yaliwekwa na nani, wala kwa sharti gani. Na katika zama zile zile za Reli ya Hijazi zilijengwa reli zetu: ya Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, na ya Dar es Salaam hadi Kigoma kati ya mwaka 1905 na 1914. Hizi hazikuwa wakfu, bali zilijengwa na wakoloni kwa maslahi yao. Lakini jasho lilikuwa la watu wetu na la vibarua kutoka India, miongoni mwao Waislamu wengi. Wazee waliochochea moto wa injini za mvuke wanaondoka mmoja mmoja, na karakana walizofanyia kazi zinageuka magofu.

Basi tunawanasihi viongozi wa misafara ya Hijja na Umra wawapitishe mahujaji Anbariya, ambako stesheni ile sasa ni makumbusho, na wawaeleze ni nani walioijenga. Walimu wa madrasa waitaje Reli ya Hijazi wanapofundisha mlango wa wakfu. Na kila familia yenye mzee wa reli iketi naye angali hai, iandike anayoyakumbuka. Chuma kilichoyeyushwa hakirudi, na elimu iliyozikwa pamoja na mwenyewe hairudi kadhalika.

Tunamuomba Allah (SW) awalipe kheri wote waliotoa na waliotaabika, na atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.