Star Trek: Kwa nini studio ziliogopa filamu za mashabiki?

Hata kama hujawahi kutazama Star Trek, jina la Nyota Uhura ukilisikia unajua limetoka wapi. "Uhura" limetokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Ni afisa wa mawasiliano kwenye chombo cha anga cha Enterprise, na Nichelle Nichols alianza kumuigiza kwenye runinga za Marekani Septemba 1966.

Hilo la "Nyota" lina kisa chake. Kwenye tamthilia ya awali halikutajwa kabisa. Lilitoka kwenye kitabu cha 1982, mashabiki wakalipenda na kulitumia, na studio ikaja kulitamka kwenye filamu mwaka 2009. Miaka 27 jina liliishi kwa mashabiki kabla halijawa rasmi kwenye skrini.

Kisa kidogo, lakini kinagusa ugomvi mkubwa: hadithi ikishapendwa na watu, ni ya nani?

Mashabiki walianza zamani

Star Trek ingekufa mapema bila mashabiki. Waliiandikia NBC barua kwa maelfu kuiomba isiikate, wakapata msimu wa tatu. Mwaka 1969 ikakatwa kweli, vipindi 79 tu, wakati Kapteni Kirk na wenzake walikuwa wameahidi safari ya miaka mitano.

Hiyo miaka iliyobaki ndiyo mashabiki waliamua kuimalizia wenyewe. Mwaka 2004 kundi moja kaskazini mwa jimbo la New York lilianza New Voyages, likijenga upya chumba cha usukani cha Enterprise. Mastaa wa zamani hawakukaa mbali: Walter Koenig na George Takei walirudi kuigiza nafasi zao zilezile. Kipindi cha Takei cha 2007 kilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Hugo, kubwa kabisa kwenye hadithi za kisayansi. Baadaye likaja Star Trek Continues, vipindi 11 kati ya 2013 na 2017, na mtoto wa James Doohan akaigiza nafasi ya marehemu baba yake.

Uigizaji wakati mwingine ulikuwa wa kubabaisha, tuseme ukweli. Ila roho ya tamthilia ilikuwepo: watu wanajadiliana, wanabishana kuhusu haki na wajibu, halafu wanaamua.

Studio inapiga hesabu nyingine

Mwaka 2009 J.J. Abrams aliianzisha upya Star Trek kwenye sinema kwa waigizaji wapya, kasi na milipuko. Watazamaji wapya walifurika. Mashabiki wengi wa zamani walilalamika kuwa imegeuka filamu ya mapigano.

Tatizo halikuwa kipaji. Filamu ya tatu, Star Trek Beyond ya 2016, iligharimu takriban dola milioni 185. Hela kama hiyo hairudi kwa mashabiki peke yao, lazima umvute na yule asiyemjua Kirk kabisa. Shabiki anayerekodi wikendi hana deni la kurudisha, kwa hiyo anaweza kuwaacha wahusika wakae waongee dakika kumi. Filamu ya dola milioni 185 haina nafasi hiyo.

Axanar ikavuka mstari

Mwaka 2014 ikatoka Prelude to Axanar, filamu fupi ya mashabiki iliyotumia waigizaji wa kulipwa na picha za kiwango cha juu. Watu wakachanga mtandaoni zaidi ya dola milioni moja ili itengenezwe filamu ndefu, na sehemu ya fedha ikaenda kuandaa studio.

Desemba 2015, wenye hakimiliki, CBS na Paramount, wakaenda mahakamani. Januari 2017 jaji alikataa utetezi kwamba hayo ni matumizi halali ya kazi ya mwingine, na siku chache baadaye pande mbili zikamalizana. Axanar ikaruhusiwa filamu mbili tu za dakika 15 kila moja, YouTube, bila matangazo.

Lakini kabla ya hapo, Juni 2016, studio zilishatoa masharti kwa mashabiki wote. Hadithi moja isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30. Hakuna kuendeleza vipindi. Michango isipite dola 50,000. Hakuna mtu kulipwa. Na yeyote aliyewahi kuajiriwa kwenye Star Trek haruhusiwi kushiriki.

Hoja iko wapi

Kuhusu pesa, studio zina haki. Ukijenga nyumba ya biashara kwenye kiwanja cha mtu, usishangae akija na hati.

Lakini sharti la muda na la mastaa wa zamani halilindi pesa. Koenig kuigiza bure kwenye filamu isiyouzwa hakumnyang'anyi mtu senti. Kinacholindwa pale ni ulinganisho: mtazamaji asije akaona ya bure, akasema hii ndiyo Star Trek, ile ya sinema siyo.

Na njia nyingine ilikuwepo. Mwaka huohuo wa 2016, zile seti za New Voyages mjini Ticonderoga zilipewa leseni na CBS na kufunguliwa kwa wageni wanaolipa kiingilio. Kazi ya mashabiki, kibali cha mwenye mali, kila upande ukapata chake.

Kwa hiyo siku ukiombwa kuchangia filamu ya mashabiki, ya hadithi yoyote ile, uliza swali moja kabla hujatuma hela: kibali kipo? Kama hakipo, unachangia nyumba ambayo mwenye kiwanja anaweza kuibomoa kesho.