Twampeleka Mtoto Ale, au Atuache Tule?



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tulialikwa na familia moja kwenda kula nao chakula cha mchana nje. Walikuwa watano: baba, mama, bibi mzaa baba, binti wa miaka saba na mvulana ambaye hajatimiza minne. Tukiwa bado njiani, baba alitueleza kwa furaha kwa nini amechagua mahali tulipokuwa tukielekea. "Pale watoto hawasumbui," alisema. "Kuna bembea, kuna kasri la kupulizwa upepo, kuna runinga kubwa ya katuni. Ukishawaacha pale, unakula kwa amani."

Alisema kweli. Watoto hawakutusumbua. Tuliketi kuanzia saa saba kasorobo hadi saa kumi na ushei, na katika muda huo wote yule mdogo alifika mezani mara tatu: mara ya kwanza kudai soda, mara ya pili kudai soda nyingine, na mara ya tatu akilia kwa kuwa mtoto mkubwa alimkanyaga mkono ndani ya kasri. Nyama ilipoletwa, saa nzima na dakika kumi tangu ilipoagizwa, alikuwa amekwisha kulala mapajani mwa bibi yake, viatu miguuni, tumbo limejaa maji ya sukari. Sehemu yake ilifungwa kwenye foili ikapelekwa nyumbani.

Hatuandiki haya ili kuisema familia ile, ambayo ni ya watu wema, na ambayo isitoshe ndiyo iliyotulipia sahani yetu. Twaandika kwa sababu neno la yule baba twalisikia kila mahali, na limekuwa ndiyo mizani ya wazazi wengi wanapochagua mahali pa kula pamoja na watoto wadogo. Hawaulizi mtoto atakula nini, wala ataketi wapi, wala atanawia wapi mikono. Huuliza kama kuna kitu cha kumwondoa mezani. Sisi twasema mizani hiyo ni mbovu, na kwamba mahali pa kula panapopimwa kwa mizani hiyo hapastahili kuitwa pa familia, hata ubao wa mlangoni uandike hivyo kwa herufi kubwa kiasi gani.

Tuanze na aliyeileta mizani yenyewe. Mwenye biashara si mjinga. Mzazi ambaye mtoto wake analia huinuka mapema. Mzazi ambaye mtoto wake yuko kwenye kasri hukaa saa tatu, na anayekaa saa tatu huagiza mara tatu. Kwa hiyo bembea ile, ambayo sisi twaiona kama zawadi kwa mtoto, ni chambo cha baba. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kutafuta faida. Twamlaumu mzazi anayepokea hesabu ya mwenzake akaiita mapenzi kwa mwanawe.

Tena tusisahau mahali penyewe ni mahali gani. Sehemu nyingi zinazojiita bustani ya familia mchana ndizo baa usiku: kaunta ni ile ile, viti ni vile vile, na spika ni zile zile. Mpaka kati ya mchana na usiku hauna ukuta. Saa kumi na mbili jioni muziki unapandishwa, na watoto wangali kwenye bembea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inakataza mtoto kuruhusiwa kuingia baa au klabu ya usiku, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Haikusema kwamba akiwa ameshikwa mkono na baba yake katazo linakoma. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa ajili ya kelele, na wengi walipiga makofi kwa sababu wao wenyewe walikuwa hawalali. Je, masikio ya mtoto aliyeketishwa hatua tano kutoka kwenye spika nani aliyapigia makofi? Na tunafanya hayo hata katika sherehe za ubatizo na kipaimara. Lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Sasa turudi mezani, kwani hapo ndipo penye shauri lenyewe.

Mtoto wa miaka mitatu hana saa nzima ya kusubiri. Tumbo lake ni dogo, hujaa upesi na huisha upesi, na njaa yake haijui adabu. Anayemwagizia nyama choma mtoto aliyekwisha kuwa na njaa amemwagizia kilio. Ndipo soda inapoingia kuziba pengo. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi au zaidi, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi kumi na minane asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na aliye chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Mvulana wetu alimaliza chupa moja na nusu kabla ya saa nane na nusu. Baadaye tulishangaa kwamba hakula! Mtu mzima angekunywa chupa mbili kabla ya chakula, naye angesukuma sahani.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ambalo mzazi angepaswa kulitafuta ni jiko lenye kitu kilichoiva tayari. Wali, maharage, ndizi laini, mchuzi usio na pilipili. Bibi wa watoto wale alilijua hilo bila kufundishwa na mtu. Mhudumu alipokuja, akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Hebu muulizie mjukuu wangu ndizi za mchuzi, chache tu, asingoje nyama." Binti yule akarudi kutoka jikoni na jibu: "Bibi, wamesema chakula cha watoto ni chipsi na soseji."

Jibu hilo limetukaa moyoni juma zima. Nani aliyeamua kwamba mtoto wetu, ambaye nyumbani anakula ugali kwa dagaa, mchicha na maharage, akivuka mlango wa hoteli anageuka kiumbe wa chipsi na soseji? Wakubwa wanaletewa orodha yenye samaki, kuku, mbuzi, matoke na mboga za aina tatu; mdogo kuliko wote, ambaye mifupa yake ndiyo inajengwa sasa, anaandikiwa mstari mmoja wenye mafuta na chumvi. Tena soseji iliyokatwa vipande vya duara ni miongoni mwa vyakula vinavyowapalia watoto wadogo kwa urahisi kabisa. Sharti ipasuliwe kwa urefu kwanza. Hali kadhalika karanga nzima, ambazo mchuuzi hupitisha meza hadi meza na sisi twamshika mkono mtoto tumtilie kiganjani. Mzazi anayetafuta mahali pema hahitaji orodha maalumu ya watoto. Ahitaji jikoni wakubali kumpa nusu sahani ya kile wanachokula wote, na kijiko kidogo. Ni ombi la shilingi chache, na anayelikataa amekwisha kutuambia anamwonaje mtoto.

Mikono. Katika desturi yetu mhudumu hupita na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, akaanza na wageni, na mtoto naye akanawa pamoja na wakubwa. Hapo alijifunza kwamba chakula kina mlango wake. Lakini mtoto aliyeko kwenye kasri beseni halimfikii. Yeye hutoka huko alikokuwa akitambaa kwa mikono na magoti pamoja na watoto ishirini, akachukua chipsi mbili, akarudi. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki na sabuni. Leo ndoo nyingi zimeondolewa, na baadhi ya zilizobaki zi kavu. Nasi ni watu wa nchi iliyopitia mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 na kuendelea miaka kadhaa! Mzazi na atazame kwanza koki, ndipo atazame bembea. Na choo akitazame pia kabla hajaagiza kitu: je, mtoto atakifikia bila kupita katikati ya wanywaji, na je, kina maji?

Kiti nacho. Viti vya plastiki tulivyozoea humweka mtoto kidevu usawa wa meza, asione sahani yake wala sahani ya mwenziwe. Ndiyo maana huteremka. Twamwita mtundu, kumbe tumemketisha shimoni.

Kuhusu runinga na simu hatutasema mengi, maana limekwisha kusemwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo moja ilikwisha kabla ya kachumbari kufika.

Twajua tutajibiwa. Tutaambiwa kwamba sisi hatulei watoto usiku, hatujui uchovu. Tutaambiwa kwamba mama anayepika siku sita ana haki ya kuketi siku ya saba akale bila kuvutwa kanga. Ni kweli, na hoja hiyo yatupasa kuipokea kwa heshima yake yote. Lakini tuliketi pale saa tatu na zaidi, tukatazama. Mama yule aliinuka mara saba. Aliinuka kwenda kumtazama mdogo kwenye kasri, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kulisimamia, na wakubwa kwa wadogo walikuwa wakiruka pamoja, jambo ambalo wanaojua usalama wa michezo hiyo hulikataza. Aliinuka kumpeleka chooni. Aliinuka kutafuta kiatu. Baba aliinuka mara moja, kwenda kuuliza matokeo ya mpira. Basi ile amani aliyotuahidi njiani ilikuwapo, ila ilikuwa ya mtu mmoja, na aliyeilipia kwa miguu yake ni yule yule aliyepika siku sita. Kama kweli twatafuta mapumziko ya mama, dawa haipulizwi kwa pampu. Baba na akae karibu na mtoto, amkatie nyama, ampeleke chooni yeye.

Watasema pia kwamba mahali pa namna tunayoitaka ni pa matajiri. La hasha. Jumatano, tukiwa kwenye shughuli zetu karibu na soko, tuliingia kwa mama lishe mmoja, banda la mabati lenye mabenchi manne. Alikuwapo mama mmoja na watoto wawili. Kabla hajaketi, mwenye banda aliwamiminia maji ya kunawa. Sahani ya wali na maharage ilifika upesi sana, tusingemaliza Baba Yetu. Akaleta na kisahani kitupu, akauliza, "Huyu mdogo anaitwa nani? Mchuzi wake nimeupooza." Mtoto alikula amesimama juu ya benchi, amemwegemea mama yake, akiona kila kitu. Kwenye kulipa, mama akahesabiwa sahani mbili. Alipouliza ya mdogo, akajibiwa, "Huyo amekula mkono wa mama yake, dada yangu." Hapakuwa na bembea, na sakafu ilikuwa ya udongo. Hatusemi kila banda liko hivyo. Mengine maji yake hatungeyagusa. Tunasema kwamba kilichotakiwa kilikuwapo, nacho hakikuhitaji mtaji mkubwa.

Mzazi akitaka kujua mahali alipofika ni pa namna gani, na aulize maswali mawili kabla ya kuvuta kiti: kipi kimeiva sasa hivi, na je, mtaweza kunipatia nusu sahani? Ataona katika uso wa mhudumu, kabla ya jibu, kama mtoto wake ni mgeni au ni kero. Akionekana kero, na waondoke. Wenye biashara husikia upesi sana lugha ya meza tupu.

Baba wa familia ile alitupigia simu Alhamisi, tukamweleza habari za banda lile. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna runinga. Tulimwambia hakuna, na kwamba Dominika hufungwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi watakwenda Jumamosi, mchana, kabla mdogo hajaanza kusinzia, na akatuomba tumwelekeze upande gani wa soko.